Mlinzi wa Pointi Nne

Kiwanda cha Kamba,
Dar es Salaam.
10 Machi 1973

Mpwa wangu Biubwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, Mama bibi yako, mama yako na kila aliye chini ya paa hilo. Sisi huku wazima. Watoto walishikwa na surua wote kwa mpigo, sasa wanapona na kugombana. Mwambie Mama dawa ya mguu wake nimeipata, nitampa dereva wa basi ailete.

Nimesikia habari ya matokeo yako ya kidato cha nne. Usiumie. Wasiochaguliwa ni wengi, na dunia haikuishia kidato cha tano.

Sasa nina kazi nawe. Unajua mimi ndiye kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya Kiwanda. Mwaka huu tumepewa nafasi moja, moja tu, ya kumwajiri kijana anayemaliza chuo: mchana afanye kazi ghalani, jioni avae shati letu. Jina linatakiwa mezani kwa Meneja kabla ya tarehe 30 Juni. Nasikia pale Mbegani, kwenye chuo cha uvuvi, yuko mlinzi aitwaye Ausi Dadi. Ndiye anayeupandisha mpira kutoka nyuma, na anamaliza chuo mwezi wa nane. Watu wanamsifu mpaka wananichosha. Mimi siwezi kuja, shughuli ni nyingi. Wewe unaweza. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukikaa juu ya ndoo pembeni ya kiwanja ninapocheza, husemi neno, kisha njiani ukanitajia nani kafunga nini. Maneno huna, mpwa wangu, lakini macho unayo.

Niandikie mambo matatu. Kimo kwanza. Pili, anafunga pointi ngapi. Tatu, kama ni mtu wa kusikia anapoambiwa. Hayo tu, nami nitayapeleka kwenye kamati. Usimwambie mtu.

Mjomba wako,
Kombo


Bagamoyo,
26 Machi 1973

Mjomba wangu Kombo,

Shikamoo. Barua yako ilifika, na dawa ya Bibi pia. Anasema inanuka kama ngozi ya mbuzi lakini mguu umeisikia. Mama anakusalimu. Paa la uani limeanza kuvuja na mvua zenyewe bado hazijakasirika. Kuhusu matokeo yangu sina la kusema.

Kazi yako nimeifanya. Mama mdogo Sikuzani bado ni mpishi pale chuoni, na kila Jumamosi lori la chuo huja mjini kuchukua mahitaji. Nilimwomba anichukue nikamsaidie jikoni. Kiwanja chao ni ile sakafu ya saruji wanayotandazia nyavu. Asubuhi nyavu, jioni mpira, na kabla ya kucheza hufagia magamba ya samaki wasije wakateleza.

Kimo. Sikuweza kumwomba mwanamume asimame nimpime. Alipokuja kuchukua uji, nilitia alama ya chaki kwenye fremu ya mlango wa jiko pale kichwa chake kilipopita, halafu nikapima kwa futi ya fundi cherehani. Futi tano na inchi sita.

Pointi. Alifunga nne.

Najua umeshakunja uso. Tafadhali usiikunje na barua. Chuo kilicheza na vijana wa mjini kikashinda 58 kwa 37, nami usiku ule nikajiuliza: mtu wa pointi nne, mbona akitolewa nje wenzake wanakuwa kama watu waliofika sokoni wakasahau walichotumwa? Jumamosi iliyofuata walirudiana, nami nikabadili hesabu. Kuandika mbele ya watu siwezi, wangeniuliza ninaandika nini. Nilichukua tasbihi ya Bibi nikaishika ndani ya buibui. Unajua ina punje tisini na tisa, mafungu matatu ya thelathini na tatu. Kila fungu nilifunga uzi wa kusogeza. Fungu la kwanza, nasogeza punje anapotoa pasi na mwenzake akafunga papo hapo. La pili, anapopoteza mpira. La tatu, anapomnyang'anya mtu.

La kwanza kumi na nne. La pili mbili. La tatu sita.

Hizo kumi na nne, Mjomba, ni pointi ishirini na nane ambazo hazina jina lake.

Kuhusu kusikia: mwalimu wake akipaza sauti, yeye husikia, ila hatekelezi mpaka aone kama ni kweli.

Wanawake waliokaa karibu nami walisema, "Mtazameni mtoto wa Mwishehe, hata mpirani hasahau dhikri." Niliona haya, lakini sikuwakana.

Mpwa wako,
Biubwa


Dar es Salaam,
20 Aprili 1973

Mpwa wangu,

Barua yako imechelewa kunifikia kwa kuwa mabasi yalikwama mtoni Mpiji siku nne. Watoto wamepona. Maulidi tumesoma salama. Mke wangu anamwomba Mama dua, amechoka na joto.

Sasa sikiliza. Nimekuuliza bei ya samaki, wewe unanieleza bahari. Pointi nne! Huyo si mlinzi, huyo ni mlango. Hapa tunaye kijana anaitwa Sharifu, futi sita na inchi tatu, juzi alifunga kumi na nane. Akiinua mkono unadhani anaanika nguo uani kwa jirani. Nani atamwacha huyo amchukue mtu anayepita mlango wa jiko bila kuinama?

Na hizo hesabu zako za pasi siwezi kuzipeleka. Kamati wakiniuliza zimetoka wapi, niseme zimetoka kwenye tasbihi ya mama yangu?

Tena nakuuliza, na unijibu: huyu Ausi ni mtoto wa nani, na kwa nini mwanamwali anamtazama mtu mikono kutwa?

Mjomba wako,
Kombo


Bagamoyo,
8 Mei 1973

Mjomba,

Shikamoo. Mvua imetushika. Ukuta wa jikoni umeanguka upande mmoja, tumeuziba kwa makuti. Mama ana mafua. Barua yako nilimsomea Bibi, isipokuwa maneno ya mwisho.

Hayo ya mwisho nayajibu hapa, na sitayajibu tena. Wewe ndiye uliyenituma nimtazame. Mtu akitumwa kisimani haulizwi kwa nini ameloa. Ausi ni mtoto wa marehemu Dadi, fundi wa nyavu wa Pangani. Namtazama mikono kwa sababu mpira uko mikononi. Ungekuwa miguuni ningemtazama miguu.

Jumamosi iliyopita yeye mwenyewe alinishtukia. Alikuja jikoni na bakuli lake, wenzake wakiwa nyuma yake wanacheka, mmoja anasema, "Ausi, leo usipofunga, dua ya dada yule itakurudia!" Akasimama mbele yangu akauliza, "Dada, mimi unaniombea au unanihesabu?"

Unajua nilivyo. Nikasema, "Nakuhesabu."

Akasogeza bakuli nimtilie uji. Kisha akasema, "Basi hesabu na makosa. Ya kusifiwa nimeshiba."

Bibi naye amegundua. Aliona nyuzi kwenye tasbihi yake. Nilidhani atanichapa. Aliigeuza geuza, akasema, "Hii ni ya kumhesabia Mungu shukrani. Na mpira nao, mikono inayoucheza kaumba nani? Hesabu tu. Ila usije ukaihesabia uongo."

Kwa hiyo nimehesabu tena, michezo mitatu. Pasi za kufunga kumi na moja, kumi na tatu, tisa. Anatoa pasi kama mtu anayesuka wavu: haangalii tundu analolifunga, anaangalia la tatu mbele yake. Nimeona na jambo jingine, lakini silisemi mpaka nilihakikishe.

Mpwa wako,
Biubwa


Dar es Salaam,
19 Mei 1973

Biubwa,

Hatujambo. Mtoto mdogo ameota meno.

Jambo gani? Liseme. Mimi si mchumba wa kutegewa vitendawili. Tarehe 30 Juni haisogei.

Kombo


Bagamoyo,
3 Juni 1973

Mjomba,

Shikamoo. Mama amepona mafua. Mvua imekatika na ukuta tumeusimamisha. Bibi anauliza kwa nini tangu mwaka jana hujafika Bagamoyo hata Idi, nami nimemwambia shughuli ni nyingi, kwa kuwa ndivyo ulivyoniandikia.

Jambo lenyewe ni hili. Ausi haoni kwa jicho la kulia.

Nilihisi kwa sababu katika kila punje kumi, nane aligeukia kushoto. Halafu siku moja jikoni nilimwekea kikombe cha chai upande wake wa kulia, akakiangusha kwa kiwiko. Mara ya kwanza sikukusudia. Mara ya pili nilikusudia, Mungu anisamehe. Kikaanguka tena. Alinitazama akajua nimejua. Akasema ndoano ya baba yake ilimpiga jichoni akiwa na miaka saba, chombo kikiyumba. Wenzake hawajui. Mwalimu hajui. Amecheza miaka miwili katikati yao na hakuna aliyeona.

Akasema, "Dada, hilo usimwandikie mjomba wako." Kumbe alishajua naandika kwa nani. Mama mdogo Sikuzani haweki siri zaidi ya anavyoweka sukari.

Nikamwambia nitaliandika. Nikilificha hili, hata zile kumi na nne zitakuwa uongo. Alichukua bakuli lake akaondoka, na tangu siku hiyo humtuma mwenzake kuja kuchukua uji.

Basi nimekuandikia, nami nataka usome na yanayofuata. Mtu asiyeona upande mmoja, akatoa pasi kumi na tatu bila kukosea, ni kwa sababu anapakariri mahali alipo kila mtu kabla mpira haujamfika. Wenye macho mawili hawafanyi hivyo, wanangoja kuona. Udhaifu wake ni mmoja: akiwa katikati ya uwanja, anayejua anaweza kumvizia kulia. Dawa yake ipo. Apandishe mpira akifuata ukingo wa kulia. Hapo kulia kwake kuna mstari tu, na uwanja wote, wenzake na maadui, wako kwenye jicho zima.

Nimepima kimo, nimehesabu pointi, nimetaja na ila. Mimi mwenyewe, Biubwa, nasema: mchukue Ausi.

Mpwa wako,
Biubwa


Dar es Salaam,
22 Juni 1973

Mpwa wangu mpendwa,

Sisi wazima kabisa. Nimekununulia kanga doti moja, itakuja na basi la Jumatatu.

Barua yako imefika wakati wake, ahsante sana. Kile kipande cha jicho nilikisoma mbele ya kamati, na mazungumzo yakaisha hapo hapo. Nani atabishana na jicho? Umefanya kazi nzuri, umetuondolea maneno ya watu waliokuwa wakimtaka huyo wa Mbegani. Tumeliandika jina la Sharifu. Mwenyewe amefurahi, ingawa analalamika kwamba shati alilopewa mwezi wa pili limeanza kumbana mabegani.

Mwambie Mama nitajitahidi kuja Idi.

Mjomba wako,
Kombo


Bagamoyo,
27 Juni 1973

Mjomba Kombo,

Shikamoo. Safari hii sina habari za nyumbani. Kanga imefika. Iko juu ya kabati, haijafunguliwa.

Nilimsomea Bibi barua yako. Nilipofika kwenye shati akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Kombo alikutuma lini?" Nikamwambia Machi, mwezi wa tatu. Akahesabu kwa vidole, akacheka kile kicheko chake kisicho na furaha. "Mjukuu wangu, wewe umetumwa ushenga kwa mwari aliyekwisha olewa."

Sikulia mbele yake. Nililia baadaye, kidogo, kisha nikaacha.

Kwa hiyo ulijua. Nafasi ilikuwa ya Sharifu kabla hujanunua stempu. Ulitaka barua yenye pointi nne ili uwanyamazishe waliomtaka Ausi, na pointi nne zilipokosa nguvu, nikakuletea jicho kwa mkono wangu mwenyewe. Ukasoma nusu ya ukurasa ukaficha nusu. Nilipokuwa na miaka saba nikikaa juu ya ndoo, hukuwahi kuniambia nihesabu nusu.

Nimeambiwa tangu utotoni kwamba mkubwa hajibiwi. Hapa sikujibu. Nakuarifu tu. Bibi ametuma mwaliko, mimi nimeshika kalamu. Haukuja kwako, umekwenda kwa nahodha wa timu yenu. Maneno ni ya Bibi, sikuongeza hata moja:

"Mimi Bimdogo, mama mzazi wa kocha wenu, nawaalika ninyi nyote pilau ya Sabasaba pale Mbegani, kwa mwanangu Sikuzani. Kabla ya kula mtacheza na vijana wa chuo, maana sipendi wageni wenye uvivu. Mje na mwamuzi wenu, msije mkasema tumewaonea. Asiyekuja simlazimishi, ila nitamjua."

Mkuu wa chuo amekubali. Mchele umekwisha kupetwa.

Biubwa


Bagamoyo,
15 Julai 1973

Mjomba,

Shikamoo. Mlifika, mlicheza, mlikula. Bibi anashukuru kwamba timu nzima ilimbusu mkono. Wewe na mimi hatukuzungumza siku ile. Wewe ulikuwa na watu, na mimi mbele ya watu ndivyo nilivyo. Kwa hiyo naandika.

Nilikusikia. Mpira haujamaliza dakika tatu, ulisimama pembeni ukapiga kelele: "Kulia! Mbaneni kulia!" Maneno niliyokuandikia ndani ya bahasha iliyofungwa, ukayatangaza kama muuza kahawa. Wakamvizia kulia kwake mmoja baada ya mwingine. Fungu la pili la tasbihi lilifika punje saba kabla ya mapumziko. Kipindi cha kwanza, Kamba 29, chuo 17. Wenzake walianza kumzomea: "Ausi, leo umelala?" Naye hakujibu, kwa kuwa jibu lake lilikuwa siri, na siri nilikuwa nimeivujisha mimi.

Unajua kwamba tangu nizaliwe sijapita mbele ya wanaume waliokaa. Siku ile nilipita. Niliikanyaga ile sakafu na ndara zangu na buibui langu, watu mia wananitazama, mmoja akapaza sauti, "Haya, mwalimu wa dhikri kaingia uwanjani!" wakaangua kicheko. Nikafika alipokaa.

Hakuinua uso. Akasema, "Umeshaniuza, sasa waja kuninunua?"

Nikasema, "Nilikuandika, sikukuuza. Pandisha mpira ukingo wa kulia. Mstari utakukinga, na wao wote watakuwa kushoto kwako."

"Na nikikosea?"

"Nitasogeza punje."

Akanitazama, kisha akautazama ule mstari.

Kipindi cha pili ulikiona. Mliendelea kumvizia kulia na kulia hapakuwa na mahali pa kusimama. Alipoteza mpira mara moja tu. Sharifu wako, ambaye ni mtu mwungwana na simlaumu kwa lolote, aliruka mara nne kuzuia pasi ambazo zilikuwa zimeshafika. Chuo walipata 29 katika kipindi kile, ninyi 20. Mmeshinda 49 kwa 46. Mngepewa dakika mbili nyingine mngeshindwa, na wewe ulilijua hilo, maana uliitazama saa yako mara tisa. Hizo pia nilizihesabu.

Wakati wa pilau Bibi alikuuliza mbele ya sinia, "Kombo, mwana wangu, huyu mfupi ana ila gani?" Ukasema chumvi imezidi kidogo.

Bwana Hamed, yule mwamuzi mliyekuja naye, ambaye ni katibu wa timu ya Boharia, alimwendea Bibi akamwuliza kuhusu tasbihi. Aliyoniomba baada ya hapo, na niliyompa, hayo hayakuhusu.

Biubwa


Dar es Salaam,
4 Agosti 1973

Biubwa,

Hatujambo. Dawa ya Mama ya mwezi huu naiambatanisha.

Tulishinda. Yaliyobaki ni maneno.

Kombo


Dar es Salaam,
12 Novemba 1973

Mpwa wangu Biubwa,

Salamu nyingi baada ya kimya hiki. Saumu tumefunga salama, na samahani kwamba Idi sikuja. Mke wangu amejifungua mtoto wa kike, tumemwita Bimdogo. Mwambie Mama, na mwambie anafanana naye, amezaliwa ana hasira.

Juzi tulicheza na Boharia. Nafikiri unajua ninachotaka kusema, lakini niache nikiseme. Walitupiga 61 kwa 52. Ausi, sasa ndani ya shati lao, alifunga pointi sita. Sita tu. Alicheza ukingo wa kulia mchezo mzima, na mimi nilikaa kwenye benchi nikaanza kuhesabu pasi zake kwa vidole, vidole vikaisha, nikaacha. Baada ya mchezo Sharifu alinijia, jasho linamtiririka, akasema, "Kocha, yule ndiye uliyetuambia haoni? Mimi ningecheza naye, ningefunga thelathini."

Bwana Hamed alikuja kunipa mkono. Ameniambia aliisoma barua uliyompa, yenye jicho na yote, na kamati yao wakaisoma hadi mwisho.

Sasa, mpwa wangu. Mwakani tutapewa nafasi nyingine. Kuna kijana pale Lugoba, anafundisha shule ya msingi, wanasema anaupandisha mpira vizuri. Nenda kamtazame. Andika unachokiona wewe. Kimo ukitaka usikiandike.

Mjomba wako,
Kombo


Bagamoyo,
21 Novemba 1973

Mjomba Kombo,

Shikamoo. Hongera ya mtoto. Bibi alipoambiwa jina alisema, "Basi naye atadanganywa na Kombo," kisha akafungua sanduku akatoa kanga yake ya harusi, ataituma. Mimi na Mama tumeanza kusuka mkeka wa mtoto.

Ausi alipita hapa siku ya pili ya Idi akielekea Pangani kwa mama yake. Alimletea Bibi tende. Kwangu alisimama mlangoni akasema, "Ile barua yako kwa kamati ya Boharia niliisoma. Uliliandika jicho bovu, ila nimeona uliliandika na lile zima." Nikamjibu kwamba anapoteza mipira zaidi anapochoka, aangalie. Akacheka. Hayo ndiyo yote, usiniulize zaidi ya hayo.

Kuhusu Lugoba. Naweza kwenda. Mama mdogo Sikuzani ana rafiki pale nitakayelala kwake. Bwana Hamed pia ameniomba nimtazamie mtu, Tanga, na amenitumia daftari lenye mistari, lakini wewe ni mjomba wangu na nimekuweka mbele.

Sitakwenda, hata hivyo, mpaka unijibu swali moja. Sikuliuliza Julai kwa sababu nilikuwa na hasira, na Bibi anasema swali la hasira hupata jibu la hasira. Sasa sina. Sitaki kanga, sitaki samahani ya kupitia dawa ya mguu. Sharifu alipewa shati mwezi wa pili, kabla hujaniandikia barua ya kwanza. Nani alimpa?

Usiandike "kamati." Usiandike "Meneja." Andika jina.

Jingine ni sharti, si swali. Nitakayemtaja Lugoba, barua yangu isomwe kwenye kamati tangu shikamoo hadi sahihi. Ukikata mstari mmoja nitajua, maana nakala ninayo.

Ukikataa, hatujagombana. Tutaandikiana habari za watoto na za mguu wa Bibi, na mpira tutauacha.

Mpwa wako,
Biubwa


Dar es Salaam,
2 Desemba 1973

Mpwa wangu,

Mwambie Mama shikamoo. Kanga yake imefika, mtoto ameilalia.

Ni mimi. Meneja alinitajia Sharifu mwezi wa pili, ni mtoto wa dada yake, nami sikumwambia aningoje nione wengine. Kesho yake nililichukua shati nikalipeleka kwa fundi alirefushe, nikampa mimi mwenyewe. Kisha nikakuandikia wewe, kwa kuwa nilikujua hutasema neno.

Idi sikuja kwa ajili hiyo. Nitakuja wiki ijayo, nitakaa uani nanyi, si barazani.

Barua yako ya Lugoba nitaisoma yote, kwa sauti. Basi la Chalinze linaondoka hapo saa kumi na mbili asubuhi. Kamwombe Mama tasbihi.

Kombo